Sura ya Saba: Namba ya Sita ya Fermat

Namba 4,294,967,297 ina tarakimu kumi na inaishia na 7, na kwa kuitazama juu juu haina kinachoitofautisha na mabilioni ya namba nyingine za ukubwa wake. Hata hivyo ni mojawapo ya namba kubwa chache ambazo historia yake inaweza kuandikwa kwa majina ya watu na miaka, na karibu kila sifa yake inachimbuka mahali pamoja, kwamba namba hiyo ni 2³² ikiongezwa 1. Alama 2³² husomwa 2 kwa kipeo cha 32, na maana yake ni zao linalopatikana 2 thelathini na mbili zinapozidishwa pamoja, nalo ni 4,294,967,296. Ikiandikwa kwa mfumo unaotumiwa na kompyuta, wenye tarakimu 0 na 1 peke yake, 4,294,967,297 huwa na 1 mwanzoni, sufuri thelathini na moja katikati, na 1 nyingine mwishoni.

Umbo hilo, yaani 2 kwa kipeo fulani kisha kuongeza 1, liliwavutia wanahisabati kwa sababu mara kadhaa linatoa namba tasa, ambayo ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa namba yenyewe. Si kila kipeo kinachofaa. Kipeo cha 6, kwa mfano, kinatoa 65, ambayo ni 5 mara 13, na sababu yake si ya bahati: 6 ina kigawo witiri, yaani 3, hivyo 2⁶ ni sawa na 4 kwa kipeo cha tatu, na kipeo cha tatu cha namba yoyote kikiongezwa 1 hugawanyika daima kwa namba hiyo ikiongezwa 1, kwa hiyo 65 haikuwa na budi kugawanyika kwa 5. Hoja hiyo hiyo huondoa kila kipeo chenye kigawo witiri kikubwa kuliko 1, na vinavyosalia ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kila kimoja kikiwa maradufu ya kilichokitangulia. Namba zinazopatikana kwa vipeo hivyo ni 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297, nazo huitwa namba za Fermat na kuandikwa F₀, F₁, F₂ na kuendelea, hivi kwamba ile ya sita hubeba jina F₅. Ili kutoka namba moja kwenda inayofuata inatosha kupunguza 1, kuchukua kipeo cha pili cha kilichobaki, kisha kurudisha 1. Na kwa kuwa kipeo cha pili cha namba inayoishia na 6 nacho huishia na 6, namba zote za Fermat kuanzia 17 huishia na 7.

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyehudumu katika mahakama kuu ya Toulouse na kufanya hisabati katika nafasi iliyobaki, alimwandikia Bernard Frénicle de Bessy mwaka 1640 akieleza kwamba anaamini namba zote za mfululizo huu ni tasa, ingawa alikiri kwamba uthibitisho kamili hakuwa nao. Tano za kwanza ni tasa kweli. Mwaka 1654 alilirudia jambo hilo katika barua kwa Blaise Pascal, bado bila uthibitisho, na alifariki mwaka 1665 dai lake likiwa limesimama palepale. Kinachoshangaza ni kwamba kulipima halikuwa jambo lililozidi uwezo wake. Ili kujua kama F₅ ni tasa, mtu asiyejua mbinu yoyote angeigawa kwa namba tasa moja baada ya nyingine hadi kufikia kipeuo chake cha pili, ambacho ni kidogo tu zaidi ya 65,536, na chini ya kikomo hicho kuna namba tasa 6,542. Lakini kigawo kinachotafutwa ni 641, ambayo ni namba tasa ya 116 tu kwa mpangilio. Magawanyo 116 kwa kalamu ni kazi ya siku chache. Ama Fermat hakuifanya, ama aliifanya akakosea mahali, na ni vigumu kusema lipi kati ya mawili hayo linampunguzia heshima zaidi mtu ambaye, kama itakavyoonekana, alikuwa mwenyewe amegundua kanuni inayofupisha kazi hiyo mno.

Jambo hilo lilifufuliwa na Christian Goldbach, ambaye tarehe 1 Desemba 1729 alimwandikia Leonhard Euler, wakati huo kijana wa miaka 22 katika Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg, na mwishoni mwa barua akamuuliza kama analijua dai la Fermat. Mwanzoni Euler hakuonyesha kulijali sana. Mwaka 1732 alitoa jibu katika andiko fupi: F₅ si tasa, kwa kuwa ni 641 mara 6,700,417. Hakueleza alivyoipata 641, na maelezo yake ya kina yalikuja katika miaka ya 1740, alipothibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha F₅ lazima kiwe na umbo maalumu, yaani kigawe cha 64 kikiongezwa 1.

Uthibitisho huo unastahili kuelezwa kwa ukamilifu, kwa maana ndio unaobeba karibu kila kitu kinachofuata. Ichukuliwe namba tasa yoyote inayogawanya 2³² + 1 bila baki, nayo iitwe p. Vipeo vya 2 vikigawanywa kwa p kimoja baada ya kingine, yaani 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila baki huwa maradufu ya iliyotangulia, na inapofikia au kuzidi p, p huondolewa. Kwa kuwa baki ziwezekanazo zina idadi maalumu, mfululizo huo haukwepi kujirudia, nao hujirudia kila unaporejea kwenye 1. Sasa, p inagawanya 2³² + 1, kwa hiyo 2³² ikigawanywa kwa p hupungukiwa 1 tu kufikia kigawe cha p, jambo linaloweza kusemwa kwamba baki yake ni −1. Kipeo cha pili cha −1 ni 1, hivyo 2⁶⁴ huacha baki 1, na urefu wa mzunguko lazima uwe kigawo cha 64: ama 64 yenyewe, ama 32, 16, 8, 4, 2 au 1. Lakini kama ungekuwa 32 au pungufu, 2³² ingeacha baki 1 badala ya −1. Kwa hiyo mzunguko una hatua 64 kamili. Hapo ndipo inapoingia kanuni ya Fermat mwenyewe, aliyoieleza kwa Frénicle mwaka uleule wa 1640, kwamba p ikiwa namba tasa witiri, 2 kwa kipeo cha p − 1 huacha baki 1 inapogawanywa kwa p. Baada ya hatua p − 1, basi, mzunguko umerejea kwenye 1, na hilo haliwezekani isipokuwa p − 1 ni kigawe cha 64.

Orodha ya watuhumiwa inapungua ghafla. Namba za umbo hilo ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641 na kuendelea, na kati ya hizo zilizo tasa ni 193, 257, 449, 577 na 641, kwa hiyo majaribio 116 yanageuka kuwa matano. Édouard Lucas, Mfaransa, aliiboresha kanuni hiyo mwaka 1878 kwa kuonyesha kwamba 64 inaweza kubadilishwa na 128. Kwa kipimo hicho 193, 449 na 577 zinaanguka zote, na 641 inakuwa jaribio la pili baada ya 257.

Kuhakiki kwamba 641 inagawanya F₅ hakuhitaji hata kuiandika namba kubwa yenyewe. Inatosha kuanzia na 2¹⁶, ambayo ni 65,536, na kuigawa kwa 641: inaingia mara 102, na baki ni 154. Kwa kuwa 2³² ni kipeo cha pili cha 2¹⁶, baki yake hupatikana kwa kuchukua kipeo cha pili cha 154, ambacho ni 23,716, na kukigawa tena kwa 641; inaingia mara 36, na baki ni 640. Kuongeza 1 kunafikisha 641, na kigawo kimethibitika kwa magawanyo mawili mafupi ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anayamudu.

Ipo njia nyingine ambayo haina mgawanyo wowote, na wengi huiona kuwa nzuri kupita zote. Namba 641 inaweza kuandikwa kwa namna mbili zinazotumia 5 na 2 tu: ni 5 mara 2⁷ ikiongezwa 1, yaani 640 + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 + 16. Kutokana na namna ya pili, 641 inagawanya 2²⁸ × (5⁴ + 2⁴), ambayo ni 5⁴ × 2²⁸ + 2³². Kutokana na namna ya kwanza, 641 inagawanya 640⁴ − 1, kwa sababu kipeo cha nne cha namba yoyote kikipunguzwa 1 hugawanyika kwa namba hiyo ikiongezwa 1. Na 640⁴ si kingine ila 5⁴ × 2²⁸. Namba inayogawanya vitu viwili hugawanya pia tofauti yao, na tofauti ya hivi viwili ni 2³² + 1. Uthibitisho huo, hata hivyo, hauna msaada kwa mtu ambaye bado hajui kwamba 641 ndiyo inayotafutwa. Uliandikwa kwa hekima ya baada ya tukio.

Kuhusu kuipata 641 bila kuijua, kuna simulizi la Zerah Colburn, mtoto aliyezaliwa Vermont, Marekani, mwaka 1804, ambaye baba yake alimpeleka London kuonyesha kipaji chake cha kukokotoa kichwani. Inasimuliwa kwamba aliulizwa vigawo vya 4,294,967,297 na akataja 641 papo hapo, bila kuweza kueleza alivyofika. Kwa kuwa 641 ni ndogo, na mtoto huyo alikuwa na mazoea ya kutafuta vigawo vya namba za tarakimu sita, simulizi hilo haliko mbali na uwezekano, ingawa msikilizaji mwangalifu angetaka kujua pia ni maswali mangapi ya aina hiyo yalimshinda.

Kigawo cha pili, 6,700,417, nacho ni tasa, na hapa kanuni ya Lucas inaonyesha nguvu yake kuliko pengine popote. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589, na kigawo chochote tasa cha namba hii ni kigawo cha F₅ pia, kwa hiyo lazima kiwe kigawe cha 128 kikiongezwa 1. Namba tasa za umbo hilo zilizo chini ya 2,589 ni tano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Ya kwanza inaondoka kwa sababu 257 ni yenyewe namba ya Fermat, na namba mbili za Fermat hazina kigawo cha pamoja, jambo litakaloelezwa hivi punde. Zinabaki nne: 641 inaacha baki 44, 769 inaacha 120, 1,153 inaacha 334, na 1,409 inaacha 622. Namba ya mamilioni imethibitishwa kuwa tasa kwa magawanyo manne.

Vigawo vyote vya F₅, basi, ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe. Jumla yao ni 4,301,668,356, na namba yenyewe ikiondolewa vinabaki 6,701,059, kiasi kisichofika hata asilimia 0.2 ya F₅, kwa hiyo katika mgawanyo wa kale wa Wagiriki namba hii iko katika kundi la namba pungufu, yaani zile ambazo jumla ya vigawo vyake vidogo haifikii namba yenyewe. Ziko namba 4,288,266,240 zilizo ndogo kuliko F₅ na zisizo na kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1, idadi inayopatikana kwa kuzidisha 640 kwa 6,700,416. Kwa maneno mengine, F₅ inakaribia sana kuwa tasa bila kuwa tasa.

Sifa iliyo na utamu zaidi ni ile ya kuandikika kama jumla ya vipeo vya pili viwili. Namba tasa inayoacha baki 1 ikigawanywa kwa 4 inaweza kuandikwa kwa namna hiyo, na kwa njia moja tu. Kanuni hiyo Fermat aliitangaza na Euler akaithibitisha. F₅ inaacha baki 1 ikigawanywa kwa 4, na njia moja ya kuiandika inaonekana wazi kutokana na umbo lake, yaani 65,536² + 1². Lakini ipo njia nyingine: 62,264² ni 3,876,805,696, na 20,449² ni 418,161,601, na jumla ya mbili hizo ni 4,294,967,297 sawasawa. Kuwepo kwa njia ya pili kunatosha peke yake kuthibitisha kwamba namba hiyo si tasa, hata kabla ya kigawo chochote kujulikana.

Tena njia hizo mbili zikiwekwa pamoja huvitoa vigawo vyenyewe, kwa utaratibu unaobeba jina la Euler. Tofauti kati ya 65,536 na 62,264 ni 3,272, na jumla yake ni 127,800. Tofauti kati ya 20,449 na 1 ni 20,448, na jumla yake ni 20,450. Kigawo kikubwa cha shirika cha tofauti mbili, 3,272 na 20,448, ni 8; kigawo kikubwa cha shirika cha jumla mbili, 127,800 na 20,450, ni 50. Nusu ya 8 ni 4 na nusu ya 50 ni 25, na vipeo vya pili vya hizo, 16 na 625, vikijumlishwa hutoa 641. Kwa hiyo ile 5⁴ + 2⁴ iliyojitokeza katika uthibitisho uliotangulia inarudi hapa kupitia mlango mwingine, ikiwa sasa imevaa sura ya 25² + 4². Kigawo cha pili nacho ni 2,556² + 409².

Swali linalobaki kuhusu Fermat ni kwa nini kanuni yake haikumwonya. Kanuni hiyo inaweza kugeuzwa kuwa kipimo: kama namba witiri ni tasa, 2 kwa kipeo cha namba hiyo ikipunguzwa 1 lazima iache baki 1, na isipoacha 1 namba hiyo si tasa. Ubaya ni kwamba F₅ hukipita kipimo hicho bila kustahili. Ikipunguzwa 1 inabaki 2³², ambayo ni kigawe cha 64, na imekwisha kuonekana kwamba mzunguko wa baki za 2 una hatua 64, kwa hiyo baki ni 1 bila shaka yoyote. Namba isiyo tasa inayopita kipimo cha 2 kwa namna hiyo huitwa tasa bandia kwa 2, na namba za Fermat zisizo tasa ziko zote katika kundi hilo, kwa sababu zimeumbwa kwa vipeo vya 2 na kipimo chenyewe kinatumia 2. Ni sawa na kumpima mtu uaminifu kwa ushahidi wa ndugu yake.

Ikitumiwa 3 badala ya 2, mambo hubadilika. Kazi yenyewe si ndefu: huanzwa na 3, huchukuliwa kipeo cha pili, hugawanywa kwa F₅ na kuhifadhiwa baki, na hatua hiyo hurudiwa mara 32. Baada ya mara ya 31 baki ni 10,324,303, na baada ya mara ya 32 ni 3,029,026,160. Kama F₅ ingekuwa tasa, baki ya mwisho ingekuwa 1. Fermat alikuwa na kanuni yote aliyoihitaji na hesabu 32 tu mbele yake, ingawa nyingi ya hesabu hizo zingezidisha namba za hadi tarakimu kumi kwa kumi na kuhitaji uangalifu mkubwa. Mwaka 1877 Théophile Pépin alionyesha kwamba hatua ya 31 inatosha, na kwamba ni kipimo kisichodanganya upande wowote: namba ya Fermat kuanzia 5 kwenda juu ni tasa ikiwa baki ya hatua moja kabla ya mwisho ni −1, na si tasa ikiwa ni nyingine yoyote. Kipimo cha Pépin kinajibu kama namba ni tasa bila kutaja kigawo hata kimoja.

Hata desimali za 641 zinabeba alama ya F₅. Moja ikigawanywa kwa 641, tarakimu za desimali hujirudia kila baada ya 32, na sababu ni ileile. Kwa kuwa 5⁴ + 2⁴ ni 641, baki ya 5⁴ ni kinyume cha 2⁴. Hivyo 10⁴, ambayo ni 5⁴ mara 2⁴, ina baki iliyo kinyume cha ile ya 2⁸. 10⁸ ina baki sawa na 2¹⁶, yaani ile 154 iliyokwisha kutajwa. 10¹⁶ ina baki sawa na 2³², yaani −1. Na 10³² inarejea kwenye 1.

Jirani za namba hii nazo si za kupuuzwa. Iliyo nyuma yake kwa moja, 4,294,967,296, ni idadi ya anwani zote ziwezekanazo katika toleo la nne la itifaki ya intaneti, ambalo huipa kila anwani nafasi 32 za tarakimu 0 au 1, na uchache wa anwani hizo ndio uliosababisha toleo la sita litengenezwe. Iliyo nyuma kwa mbili, 4,294,967,295, ni zao la namba zote tano za Fermat zinazoitangulia F₅: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Kanuni hiyo ni ya jumla, kwamba zao la namba za Fermat zote hadi mahali fulani ni namba inayofuata ikipunguzwa 2. Na kutokana nayo namba mbili za Fermat haziwezi kuwa na kigawo cha pamoja, maana kigawo hicho kingelazimika kugawanya 2, ilhali namba zote za Fermat ni witiri. Goldbach aliligusia jambo hili kwa Euler mwaka 1730. Matokeo yake ni uthibitisho mfupi kwamba namba tasa hazina mwisho: namba za Fermat hazina mwisho, na kila moja inaleta angalau kigawo tasa kimoja ambacho hakikuwa katika zilizotangulia.

Namba za Fermat zingeweza kubaki udadisi wa wachache kama Carl Friedrich Gauss, akiwa bado hajatimiza miaka 19, asingegundua mwezi Machi 1796 kwamba poligoni sawa yenye pande 17, yaani umbo lenye pande na pembe zote sawa, inaweza kuchorwa kwa rula isiyo na vipimo na bikari peke yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1801 alieleza sharti la jumla: idadi witiri ya pande inafaa ikiwa ni namba ya Fermat iliyo tasa, au zao la namba za Fermat tasa zilizo tofauti. Pierre Wantzel alikamilisha mwaka 1837 uthibitisho kwamba nje ya sharti hilo haiwezekani. Friedrich Julius Richelot alichapisha ujenzi wa poligoni ya pande 257 mwaka 1832, na Johann Gustav Hermes alitumia zaidi ya miaka kumi kwa ile ya pande 65,537, akamaliza mwaka 1894, na lundo la karatasi zake limehifadhiwa Göttingen. Poligoni ya pande 4,294,967,297 haichoreki, kwa sababu 641 si namba ya Fermat. Ile ya pande 4,294,967,295, pungufu kwa mbili tu, inachoreka kinadharia, nayo ndiyo kubwa kuliko zote zenye idadi witiri ya pande zinazojulikana kufaa.

Ugunduzi wa Euler ulifungua njia ambayo tangu hapo imekwenda upande mmoja. Fortuné Landry, mzee aliyekwisha kupita miaka 80, alitangaza mwaka 1880 kwamba F₆, yenye tarakimu 20, inagawanyika kwa 274,177, ingawa Thomas Clausen alikuwa ameyajua hayo mwaka 1855 bila habari zake kuenea. F₇ ilithibitishwa kuwa si tasa mwaka 1905 kwa kipimo cha Pépin, lakini vigawo vyake vikasubiri hadi mwaka 1970, Michael Morrison na John Brillhart walipovipata kwa kompyuta. F₂₄, yenye tarakimu zaidi ya milioni 5, ilionyeshwa mwaka 1999 kuwa si tasa, na hadi leo hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana. Namba zote kuanzia F₅ hadi F₃₂ zimekwisha kuthibitishwa kuwa si tasa, na tasa zinazojulikana zimebaki zile tano alizokuwa nazo Fermat. Ya kwanza ambayo hali yake haijajulikana ni F₃₃, namba yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, ambayo kipimo cha Pépin kingehitaji kuchukua kipeo cha pili cha namba za ukubwa huo zaidi ya mara bilioni 8, kimoja baada ya kingine, kila hatua ikingoja baki ya hatua iliyotangulia.